Stima Niliyosema Haina Meno

Nawasalimu kwa jina la Bwana, wapendwa wa Mwihoko. Mniruhusu nishikilie hii meza. Jambo lenyewe lilitokea mwaka juzi, lakini kulisema bado ni kazi.

Mnanijua, mimi ni kinyozi. Kabla hatujahamia huku nilikuwa na kibanda Kiandutu, Thika, na pale kwetu stima haikuwa imefika. Nikapata betri mbili za lori na inveta, kile kisanduku cha kugeuza nguvu ya betri iwe stima kama ya nyumba. Mashine ya kunyoa ikanguruma! Ndugu zangu, nawaambia, kichwa kilinivimba. Mteja akiogopa, nashika vyuma vya betri kwa mikono mitupu, namchekea: "Stima ya betri haina meno!"

Na kweli betri yenyewe haikushiki. Lakini ile inayotoka upande wa pili wa inveta inaua. Fundi aliniambia nifunike maungio ya nyaya. Nikaona ananisumbua, nikayasokota tu nikayaacha wazi. Mke wangu naye, Mama Watoto, kila siku anatazama ule mchezo wangu.

Mchana mmoja mvua ikanyesha, bati likavuja. Nilikuwa na mzee kitini, nusu ya kichwa nimenyoa. Mama Watoto alikuwa anafua taulo. Akaona maji yanatiririkia nyaya, akaziokota kwa mkono uliolowa ili aziokoe. Hakupiga kelele. Mdomo ulifunguka, mkono ukakataa kuachilia.

Mimi nilifanya nini? Hapa ndipo naona aibu. Nilisimama. Niliogopa kumgusa mke wangu, wapendwa! Nilijua nikimshika twaenda wote, na kuzima nikasahau kabisa. Nilimwita Mungu tu kwa lugha ya kwetu, "Ngai, Ngai."

Jirani yetu muuza uji ndiye aliyeingia na mti wa ufagio, akagonga kibanio cha betri kikachomoka. Mama Watoto akaanguka. Nilidhani ameniacha. Alipofungua macho, akaniangalia mimi, akauliza polepole, "Si ulisema haina meno?"

Hakunilaumu. Alikuwa anauliza tu, na hilo ndilo lililonivunja. Nilikaa miezi bila kugusa mashine, nikisikia mngurumo wa mashine ya kinyozi mwingine najificha chooni. Mkono wa mke wangu ulipona kabla yangu. Ni yeye aliyenirudisha kazini, ni yeye aliyefunga maungio kwa utepe, tabaka juu ya tabaka.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama wa uji, na nyinyi mlioniombea bila kunicheka. Mwenye kujisifu mbele ya watu wake, ajue kuna anayemwamini.

Siku hizi kila asubuhi Mama Watoto ananiuliza, "Umefunika?" Namshika mkono, nampeleka akaone mwenyewe.