Kipa Aliyekaa Nyuma Yao

Ligi kuu ya wanawake ilikuwa imemalizika jana. Kipa wa timu iliyoponea chupuchupu kushuka daraja alikuwa ndani ya basi, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Kiti cha mbele yake, muuguzi na fundi cherehani, wasiojuana hata kidogo, walikuwa wakimbishania.

"Kipa gani yule? Mabao yote yale!" fundi alisema.

"Dada, niachie huyo. Binti yangu alivunjika mguu, akakataa hata kusimama. Alipomwona kipa huyo akidaka na goti limefungwa bandeji, akaomba magongo mwenyewe. Sasa anatembea. Namshukuru kila nikiamka."

"Mshukuru, lakini krosi hadaki!"

"Atadaka!"

Basi likasimama. Kipa akashuka akicheka, machozi yanamtoka. Krosi kweli zilikuwa zinamshinda. Nyuma yake bado walikuwa wanabishana.