Mti Uliouzwa Umesimama

Kijiwe chetu cha Miembeni ni benchi moja mbele ya duka la misumari, na birika la Riyadhi, muuza kahawa wetu. Wiki iliyopita asubuhi Rugaibula, mkulima tunayemjua, alishuka mjini na basi la kwanza kutoka kwao Kimwani, matope mpaka magotini. Mvua ya usiku ilikuwa imeinamisha msizi, mti mkubwa wa mbao kwenye kibanja chao, shamba la nyumbani, mizizi iko nje, na chini yake ndipo ilipo nyumba ya mama yake. Kuukata hawezi. Mwaka jana alitia saini na kampuni ya hewa ukaa, inayowalipa wakulima watunze miti, kwamba miti yake haitaguswa miaka thelathini. Ukikatwa mmoja tu, kikundi chote cha wakulima arobaini kinakosa malipo. Alikuja kuomba ruhusa, akakuta ofisi ina kufuli. Akaja kwetu, na mimi mpaka leo naona aibu.

— Ta Ruga, tulia, — alisema Bashiri. Tunamwita Soko la Hisa, maana alinunua hisa kumi zamani na hajaacha kuzitangaza. — Kuna mstaafu huko Ulaya kaweka akiba yake ya uzeeni kwenye mfuko wa kijani. Mfuko umenunua hewa ya msizi wako. Ukiukata, soko linatikisika.

— Atatikisika mama yangu kwanza!

— Subira huvuta heri.

— Itavuta mti, Bashiri!

Apolinary, au Rufaa, anayekatia rufaa kesi ya mpaka wa shamba mwaka wa tisa sasa, aligonga kwa kidole mkataba aliokuja nao Rugaibula.

— Kukata ni kosa. Kuanguka si kosa. Uache uanguke wenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Mgema kaingiaje hapa? — nilifoka. — Na bibi aliye ndani je?

— Wana setilaiti, — akanong'ona Rufaa. — Ukishika panga tu, wamekuona.

— Setilaiti ni ya zamani! — Soko la Hisa hakukubali kupitwa. — Siku hizi wanapima pumzi. Tukikohoa hapa, hisa zinashuka Ulaya.

Simu ya Rugaibula ikaita. Akaweka sauti kubwa. Ni Kemilembe, dada yake.

— Kaka, mvua imerudi. Mama kagoma kutoka, anasema nyumba hii ndimo alimoolewa. Kampuni wamesemaje?

— Ofisi imefungwa. Hapa tunajadiliana.

— Na nani?

Rugaibula alitutazama mmoja mmoja. Ikaja sauti ya mama yao, taratibu.

— Mwanangu, hao waliokuja kuhesabu miti, walikuuliza chini yake analala nani?

Lo, mawe! Soko la Hisa aliinamia kikombe. Rufaa akajifanya anasoma mkataba. Mimi nikamnyooshea Riyadhi kikombe changu.

— Kemilembe, — Rugaibula alisema, — liwalo na liwe. Mwite jirani Wilbert aje na msumeno.

— Wilbert yuko hapa toka alfajiri, kaka. Kaukalia msumeno wake. Anasema na yeye yumo kwenye kikundi cha malipo.