Kijiwe Chamtafuta Msemaji

Benchi la nje ya duka la kinyozi linabeba watu wanne, wakikaa kwa adabu. Kinyozi ndiye mwenye benchi, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Waziri ni tarishi mstaafu, alibeba barua za wakubwa mpaka naye akajiona mkubwa. Sindano ni fundi cherehani wa mlango wa pili, ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Wa nne ni fundi redio anayechechemea, wakambatiza Pancha. Kila akitokeza pale kona, benchi zima humpokea kwa sauti ya tairi linalotoka upepo. Naye hucheka. Kacheka miaka, jamani, na watu wakikuona unacheka hudhani umefurahi. Leo alikuja na jambo zito moyoni: binti yake wa darasa la nne amegoma kwenda shule, na baba mtu hakulala.

— Psssss! Huyooo! Mwenda pole hajikwai!

Fundi redio akacheka kwa mazoea, akakaa.

— Jamani, nina neno. Binti yangu...

— Ngoja kidogo, Pancha, alisema Kinyozi. Kuna jambo la taifa hapa. Shule ina mkutano Ijumaa, wa kupinga watoto kuoneana. Kila kijiwe kitoe msemaji. Mwalimu anapita sasa hivi kuchukua jibu.

— Ndilo hilohilo nililotaka...

— Tuanze na chanzo, alidakia Waziri. Chanzo ni njaa. Debe tupu haliachi kuvuma! Mtoto akikosa uji asubuhi, lazima amtafune mwenzake.

— Wapi! alisema Sindano. Chanzo ni sare. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kaptula ikimbana mtoto kiunoni, hasira si zinapanda juu? Wanipe kazi nizipanue zote, muone amani.

— Na wale wanaoonewa? aliuliza Waziri.

— Hao nawaongezea mifuko, wajifichie humo.

— Mnapapasa tu, alisema Kinyozi. Vichwa vya watoto hawa navishika mimi. Kila mchokozi nywele zake zina mizunguko miwili kisogoni. Nimechunguza! Samaki mkunje angali mbichi: tunyoe shule nzima upara, hiyo mizunguko ipotee.

— Na walimu je? aliuliza Sindano.

— Walimu ndio wa kwanza!

Waziri akaona anaachwa nyuma.

— Basi niwape siri ya ofisini. Ni kengele ya shule. Kengele ile ni ya chuma, na chuma huamsha vita. Haraka haraka haina baraka. Tuwawekee ya mbao.

— Ya mbao italiaje? aliuliza Kinyozi.

— Hailii. Hapo ndipo penye amani.

Fundi redio akajaribu tena.

— Mwanangu mimi...

— Pancha, usitutolee upepo mkutanoni! Psssss!

Benchi likaangua kicheko. Safari hii mdomo wa fundi redio ulikataa kucheka. Ilimuuma, ikamuuma hasa, lakini hakuna aliyemtazama, maana mwalimu alikuwa amefika. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, kahamia juzijuzi tu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu!

— Nimekuja kumjua msemaji wenu.

— Ni mimi! walisema watatu kwa pamoja.

— Nashukuru, maana hali si nzuri. Darasani kwangu kuna mtoto, kila mapumziko alikuwa anajificha nyuma ya tangi la maji. Wenzake wanamfuata wakichechemea, huku wanamfanyia psssss, kama tairi. Na mtoto mwenyewe anatembea vizuri tu. Siku hizi haji kabisa.

Kikombe cha kahawa alichokuwa akikipeleka Kinyozi mdomoni kikaishia njiani.

— Ni binti yangu, alisema fundi redio. Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitoka. — Jana nilimwambia apuuze, acheke tu kama mimi. Akaniuliza: baba, kwani wewe huwa unacheka kweli?

Waziri alifungua kinywa atoe methali. Haikuja.

— Watoto wanapita hapa asubuhi na jioni, alisema Kinyozi polepole. Wanatusikia.

Mwalimu hakuelewa, mgeni wa watu.

— Kwa hiyo Ijumaa nimtegemee nani?

— Tutakuja wote, alisema Kinyozi.

— Vizuri sana. Na mtawaambia nini watoto?

Hata mizunguko ya kisogoni haikutajwa. Sindano, ambaye hajawahi kukosa neno, akageuka amwombe msamaha fundi redio, jirani yake wa benchi. Akaanza, "Nisamehe, baba...", akakwama hapo kwenye jina. Akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Waziri, Waziri akatazama chini. Jina la kweli la fundi redio hakuna aliyewahi kumwuliza.