Paka Aliyejua Kodi

Benchi ni langu, birika la kahawa ninayouza ni langu, na ukuta wanaouegemea ni wa duka la Mama Vifungo, fundi cherehani. Mali yao wao ni kelele. Wapo kila siku: Mstaafu, aliyekuwa karani na bado anafunga tai kana kwamba ofisi itamwita arudi, na Betri, fundi simu ambaye simu yake mwenyewe haina chaji. Siku hiyo Mama Vifungo alitoka na kompyuta yake mikononi, akajibana katikati yao, uso umemkunjamana. Shule ilikuwa tayari kumpa kazi ya kushona sare, ila kwanza alete cheti cha kodi, na mwisho wa kupeleka ulikuwa jioni ileile. Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Mfumo wa kulipia iliokuja nao uliikataa kwa uzee, Betri akaifufua kwa Linux, ule mfumo wa bure. Tangu hapo kila programu ya hesabu na kodi aliyoigusa ilimpa jibu moja: mfumo wako hatuujui.

Mstaafu: Nilisema mimi. Mfumo wa bure! Hata choo cha stendi kinalipiwa.

Betri: Choo cha stendi kina mwenyewe, mzee wangu. Huu hauna. Kila mtu duniani anaongeza kipande chake.

Mstaafu: Kama mchango wa harusi?

Betri: Kama mchango wa harusi, ila hakuna anayetangazwa jina.

Mstaafu: Basi hapo kuna wizi.

Mimi: Hebu fungeni midomo. Mama, umepata lolote?

Mama Vifungo: Nimepata, Bibi. Nimeuliza mtandaoni, kwenye jukwaa la wanaotumia mfumo huu, kuna mtu kanijibu.

Mimi: Nani huyo?

Mama Vifungo: Jina hana. Ana picha ya paka.

Mstaafu aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayegonga mhuri.

Mstaafu: Mwanangu, unataka kuipelekea serikali hesabu ulizoshauriwa na paka?

Mama Vifungo hakumjali, akatusomea. Paka alikuwa ameandika hivi: usitafute programu moja ikufanyie yote, utachoka bure. Mapato na matumizi yako yaingize kwenye programu huria ya hesabu, hii hapa, hailipiwi. Ikishakujumlishia mwaka mzima, fomu ya kodi ijaze kwenye tovuti ya ofisi ya kodi yenyewe, kama unavyosoma habari mtandaoni. Tovuti haijali kompyuta yako inatumia mfumo gani. Fomu ikigoma kwenye ukurasa wa mwisho, fuata picha hizi.

Mama Vifungo: Kanichorea na mishale, Bibi. Mishale myekundu. Mtu hanijui!

Betri: Hapo ndipo ninapoogopa mimi. Mtu akuchoree mishale na asikudai kitu?

Mstaafu: Ni mtu wa kodi huyo. Kajificha, anachungulia nani ana vitambaa vingi.

Mimi: Watu wa kodi wachore mishale? Barua yangu hawajaijibu mpaka leo.

Betri: Basi ni tajiri. Anakusanya hesabu za mafundi wote duniani, ajue binadamu tunatumia vifungo kiasi gani.

Mstaafu: Ili afanye nini?

Betri: Avinunue vyote.

Mstaafu: Ala! Siku moja tunaamka, hakuna kifungo dunia nzima!

Betri: Tunabaki na zipu.

Mstaafu: Na zipu anauza nani?

Betri: Paka!

Wakapeana mikono kama wamegundua dawa. Mama Vifungo hata hakuinua kichwa. Alikuwa anaingiza matumizi huku midomo ikimcheza: uzi, sindano, umeme, pango la duka. Programu ikajumlisha. Akahamia kwenye fomu, akajaza, na kweli ukurasa wa mwisho ukagoma. Akarudi kwa paka, akatazama mshale, akabonyeza palipoonyeshwa. Kioo kikaandika kwamba fomu imepokelewa, na cheti chake hicho hapo, achukue. Akakichukua, akakituma shuleni papo hapo.

Alipiga ukelele, Betri akamwaga kahawa yake. Yangu, yaani.

Mama Vifungo: Asante Mungu! Asante, Betri, kwa kuifufua hii mashine! Asante, Bibi, kwa benchi!

Mstaafu: Na mimi je?

Mama Vifungo: Asante kwa tai.

Akalia kidogo. Mimi machozi karibu na birika langu siyataki, nikamsogeza. Akatununulia kahawa sote, na kwa kuwa ni mtu mnyoofu, akaiingiza palepale kwenye hesabu za mwaka mpya: kahawa ya wageni.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mwanamume tusiyemjua, amekuja kuchukua suruali yake iliyopunguzwa urefu.

Mgeni: Samahani, mama. Naona kila kilichokusaidia unakiandika humo. Uzi, umeme, mpaka kahawa ya hawa. Huyo paka umemwandika wapi?

Mstaafu: Bei yake sifuri. Sifuri haiandikwi.

Mimi: Kazi yote ya sare imetoka kwenye hiyo sifuri.

Betri: Basi ni deni.

Mgeni: Anayedai ni nani?

Betri aliinama kuitazama tena picha ya paka kwenye kioo.

Mama Vifungo: Nilimwandikia asante. Hajajibu.

Nikainamisha birika, yakatoka mashapo matupu. Nikawaambia kahawa imekwisha, waende makwao. Hakuna aliyeinuka. Mama Vifungo alikuwa amerudi kwenye lile jukwaa, anasoma, kisha akaanza kuandika kwa vidole viwili, akitua kila mara kutazama alivyofanya mwenyewe.

Mgeni: Unamwandikia nani?

Mama Vifungo: Simjui. Seremala fulani, kodi yake imekwama kama yangu. Betri, mshale mwekundu unachorwaje?

Mgeni: Na suruali yangu, mama?

Mama Vifungo: Kaa kwanza, kaka.

Mstaafu akasogea, mgeni akakaa.