Karibu Ndani, na Chakula Kikapoa Garini

Nawasalimu ndugu zangu wa vitongoji hivi vya Minneapolis, wa Fridley, wa Brooklyn Center, na ninyi mliovuka mto kutoka Saint Paul mkaacha shughuli za Jumamosi. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba nieleze jinsi nilivyoanguka kimaisha nikasimama tena. Nilimwambia habari yangu ni ndogo, haina ajali kubwa wala muujiza. Akasema nieleze hivyo hivyo. Basi nitaeleza taratibu, na majina nitayaacha, kwa sababu baadhi ya wahusika wamo humu ndani. Msianze kugeuza shingo.

Mnajua kwamba nilipofika hapa kutoka kambi ya wakimbizi nilipata kazi kwenye kiwanda cha Fridley. Nilikuwa nabeba maboksi ya vyuma. Bega langu la kulia likaharibika, na daktari akaniandikia nisinyanyue kitu kizito. Kiwandani hawakuwa na kazi nyepesi ya kunipa. Nikarudi nyumbani na kitu kimoja tu cha kufanyia kazi, gari letu kuukuu.

Kulikuwa na mgahawa wa chakula cha nyumbani, Brooklyn Center, uliokuwa unatafuta dereva wa kupeleka chakula kwa wateja. Mwenye mgahawa, mama mmoja wa Kenya, alinieleza waziwazi. Angenilipa kiasi kidogo kwa kila safari. Mafuta na bima ya gari vilikuwa juu yangu. Kilichobaki kingetoka kwa wateja, yaani bakshishi, ile wengine mnaita tipu. Alisema sharti ni moja, chakula kifike kikiwa moto. Nikakubali. Sikuuliza kama hao wateja wanajua kwamba wao ndio nusu ya mshahara wangu.

Ndugu zangu, hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo nilipopotea. Nilikuwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa watu wa maofisini, Saint Louis Park. Mlango unafunguliwa, mkono unapokea mfuko, "thank you," mlango unafungwa. Hakuna aliyeniuliza habari za watoto. Mwanzoni niliona wananidharau. Lakini bakshishi yao ilikuwa imeshalipwa kwenye simu kabla sijaegesha gari.

Wateja wa pili mlikuwa ninyi.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Nikigonga mlango nasikia, "Karibu, karibu ndani!" Nasema nina haraka. Naambiwa haraka ya wapi, na theluji yote hii? Basi navua buti, na buti za baridi mnazijua, kamba zake zimeshaganda. Nakaa. Chai inakuja. Naulizwa nimetoka upande gani wa kwetu, Fizi au Uvira, nilikuwa kambi gani, kama namfahamu fulani. Wakigundua kwamba shangazi yao aliolewa karibu na kwetu, ugali unawekwa mezani. Tukimaliza tunaomba pamoja. Kisha baba wa nyumba ananisindikiza mpaka kwenye gari, amevaa kandambili kwenye barafu, na pale tunasimama tena kuzungumza.

Ndani ya gari kuna chakula cha nyumba nyingine mbili, kinapoa.

Na bakshishi hakuna. Haikuwa uchoyo, naomba hilo lieleweke. Mtu aliyenipa kiti chake na chai yake angewezaje tena kunipa noti mkononi kama mpita njia? Kwetu sisi hiyo ingekuwa kunishusha. Na mimi niliona vivyo hivyo. Mzee mmoja alijaribu mara moja, akatoa noti mfukoni. Nikamrudishia mkono wake. Nikamwambia, "Hapana, mzee, sisi ni wa nyumba moja." Alifurahi sana. Nami niliondoka nikijiona mtu wa heshima, na taa ya mafuta inawaka mbele yangu.

Nyumbani mambo yalianza kwenda vibaya. Matairi yaliisha, nikawa naendesha barabarani kama mtu anayecheza kwenye sabuni. Bima ikakaribia kukatwa. Mke wangu alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mshahara wake peke yake haukutosha kodi. Alikuwa anapunguza chakula bila kunieleza. Na mimi kila jioni narudi nimeshiba. Siku moja aliniwekea sahani nikaisogeza pembeni. Akaniangalia.

"Leo tena umeshiba?"

Nikamwambia watu walinikaribisha.

"Sawa," akasema. "Hilo tumbo lako linalipa bili gani hapa ndani?"

Watoto wakacheka wakasema kitu kwa Kiingereza, naye akawaambia wale chakula, wanyamaze.

Wiki hiyo hiyo mwenye mgahawa aliniita jikoni. Hakupandisha sauti. "Baba Neema, mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini leo mteja amenipigia, ati pilau imefika kama imetoka friji. Ikitokea tena nitatafuta dereva mwingine."

Hapo nilielewa nini kilikuwa hatarini. Nikikosa kazi ile gari lingebaki bila bima, bila gari mke wangu asingefika kwa wazee anaowahudumia, na nyumba tungeiachia mwenye nyumba. Na bado nilikuwa naona aibu kumwambia mtu wetu kwamba siwezi kuingia kwake.

Agizo lililofuata lilikuwa la mama mmoja wa kwetu, mtu mzima, aliyekuwa ananiita mwanangu. Kwake nilikuwa nimekunywa chai mara nyingi. Alifungua mlango, akachukua mfuko, akasogea pembeni nipite. Mimi nikabaki juu ya kizulia na buti zangu.

"Ingia basi."

Nikasema leo siwezi.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole, na uso wake ulikuwa umebadilika. Theluji ya buti zangu ilikuwa inayeyuka kwenye kizulia chake. Nikaona kwamba nikiondoka bila kueleza nitamuumiza, na nikiingia chakula cha mwingine kitapoa. Basi nikamweleza pale pale mlangoni, kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba mgahawa unanilipa safari tu. Kwamba yaliyobaki yanategemea anayepokea chakula. Kwamba kila dakika ninayokaa kwenye kiti chake kuna mtu mwingine anasubiri, na kwamba kazi iko ukingoni.

Aliuweka mfuko chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakunyima, na mimi nadhani nakupa."

Nikamwambia hapana, mama, chai ilikuwa nzuri.

"Na nikikupa pesa mkononi, si nitakuwa nimekufanya mtumishi wangu?"

Nikasema kitu ambacho hata mimi nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza. "Mama, sasa hivi niko kazini. Unalipa kazi. Mimi mwanao utanikaribisha Jumapili."

Akaingia ndani akarudi na noti. Ndugu zangu, nawaambia kweli, kunyoosha mkono huu kuipokea kulikuwa kuzito kuliko boksi lolote la kiwandani. Lakini niliyapokea malipo ya kazi yangu, nikasema asante, nikashuka ngazi. Nyumba iliyofuata walipokea chakula kikiwa moto.

Mama yule hakuishia hapo. Aliwaeleza wenzake, na nadhani wengi wenu mlisikia kutoka kwake bila kujua habari ni ya nani. Milango ikaanza kubadilika. Watu wakawa wananisubiri kizingitini. Chai ikawa inakuja kwenye kikombe chenye mfuniko, naondoka nayo. Kisha akaenda mgahawani, akamuuliza mwenye mgahawa kwa nini dereva anayekwenda mbali kwenye barafu analipwa sawa na anayevuka barabara. Mwenye mgahawa alimwambia asimfundishe biashara. Lakini baada ya muda aliongeza malipo ya safari za mbali, akapandisha bei ya chakula kidogo, na hakuna mteja aliyehama. Nilimheshimu kwa hilo. Bakshishi ni nzuri, lakini haifai ibebe mzigo ambao ni wa mshahara. Sisi wateja tuna sehemu yetu, na mwajiri ana yake.

Matairi yalinunuliwa. Bima haikukatwa. Bega lilipopata nafuu nikasomea udereva wa basi, na leo nawapeleka baadhi yenu Minneapolis. Malipo yangu nayajua kabla ya kuwasha injini.

Namshukuru mke wangu kwa swali lake la tumbo. Namshukuru mwenye mgahawa aliyenionya badala ya kunifukuza. Namshukuru mama yule, na kizulia chake. Kama kuna mwenzetu humu anayepeleka chakula au mizigo, asione aibu kueleza kazi yake inavyolipwa. Watu wetu wana moyo wa kutoa. Mara nyingi wanakosa tu mtu wa kuwaeleza.

Naona katibu ananionyesha simu yake. Chakula chetu cha leo kimefika, na dada aliyekileta yuko hapo mlangoni, nje kuna upepo. Naomba mmoja akapokee sufuria na mmoja ampe bahasha ya bakshishi, nimeshaiacha kwa mweka hazina. Mama yangu wa kizulia, najua umeshasimama kumvutia kiti. Mwache aende. Muulize jina lake, na umwambie aje tumkaribishe Jumapili, tunaanza saa nne.