Mwisho Ulioshuka Kipushi

Benchi la Mama Adolphine, muuza kahawa na karanga, lilikuwa na kitabu kimoja, ambacho wateja wake walikisoma kutoka mbele huku yeye akikichana kutoka nyuma. Alikuwa amekinunua pamoja na magazeti makuukuu kwa Mzungu mmoja aliyefunga mizigo kurudi Ulaya, ili apate karatasi za kufungia karanga. Jalada la nyuma lilikuwa limeng'oka, basi akaanzia huko. Hakuwa na nafasi ya kuchagua kurasa. Kila alasiri, kando ya mbabula, jiko la makaa la kuchemshia kahawa, karani Godefroid, waliyemwita Plume, yaani kalamu, aliwasomea wenzake ile hadithi ya Kifaransa na kuigeuza Kiswahili. Adolphine alizoea kusikiliza kwa sikio moja. Lakini juzi mume wake Rigobert aliambiwa kwamba Jumatatu ataacha kazi ya juu na kuanza kushuka chini, kwenye mgodi wa Kipushi. Tangu hapo alisikiliza kwa masikio yote mawili.

— Basi injenia anashuka, akasema Plume, kidole kwenye ukurasa. Anashuka mpaka taa inazimika. Kiisha anaona: kule chini kuko mbingu ingine!

— Mbingu? Chini ya udongo? Anaclet, mwalimu wa dini, alisimamisha kikombe njiani.

— Mbingu, mon vieux. Mawe njo inatoa mwangaza. Na muto ya maji inapanda, haishuke.

— Mi naitika, naamini, akasema Zéphirin. Huyu walimwita Vapeur, yaani mvuke, kwa sababu alitia makaa kwenye injini ya treni.

— We unaitikaka tu kila kintu! akasema Anaclet.

— Sikia kwanza. Kama kuko mbingu, kuko bantu. Kama kuko bantu, kuko ba-mineur. Nabo banachimba.

— Banachimba kuenda wapi?

— Kwetu! Banapanda na ba-pioche, sululu zabo, banasema: cuivre, shaba ya muzuri, iko kule juu.

— Basi banasikia miguu yetu? akauliza Anaclet.

— Yako banaisikia ya kwanza, na bile biatu byako!

Wakacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Anaclet akainua miguu yake polepole kutoka ardhini, kama mtu aliyegundua mtoto amelala chini ya benchi. Vapeur naye akainua yake. Hata Adolphine alijikuta akiweka birika taratibu. Moshi wa bomba la kiwanda cha kuyeyushia shaba ulisimama wima juu ya mji. Aliuona kila siku tangu aolewe, na leo ndipo alipojiuliza hayo mawe ya shaba yametoka chini kiasi gani.

— Injenia anapanda lini? akauliza.

— Ngoja, Mama.

— Nimengoja ya kutosha. Anapanda ao hapana?

Plume akasoma. Usiku mmoja kule chini ulikuwa mwaka mzima huku juu. Mke wa injenia akaja kwenye mdomo wa shimo, akaliita jina lake. Jina likashuka, likapita giza lote, likafika kwenye ile mbingu ya mawe na kuzunguka humo kama ndege. Injenia akaangusha nyundo, akageuka...

Plume akafunua. Hapakuwa na ukurasa mwingine.

Mwanamke mgeni, mwenye mzigo kichwani, alikuwa amesimama kununua karanga.

— Na alipanda? akauliza.

Plume akakipindua kitabu, akaona nyuma nyuzi tupu.

— Mama Adolphine, mwisho iko wapi?

Adolphine alijua. Kurasa za kwanza kuchanwa aliwauzia wanaume waliokuwa wakipanda lori la kwenda Kipushi, na karanga za moto ndani yake.

— Ba-mineur ba Kipushi njo balienda nayo, akasema. Iko kule chini.

Mgeni alikuwa bado anangoja. Mkono wa Adolphine ukaenda kwenye kitabu, ukarudi bila kuchana.

— Leta kitambaa yako, mama, akamwambia, akammwagia karanga humo.

— Basi hatutajua, akasema Plume.

— Rigobert anashuka Jumatatu. Nitamuambia aulize.

Akainama, akachochea makaa.

— Kiisha apande, aniambie ye mwenyewe.