Mama Beata wa Matangazo ya Magari Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 27 Februari 2026, Mama Beata Kinunda, msanifu mkuu wa matangazo katika jarida letu la Mwendo, atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wa Kampuni ya Uchapaji Ngoro, hapa Mbinga mjini. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya kazi. Waliokuwepo siku alipoanza wamebaki wachache, nao wanakubaliana jambo moja: hajawahi kuruhusu ukurasa uende mitamboni kabla hajasimama mlangoni, akafumba jicho moja na kuutazama kwa mbali.

Alizaliwa Ukata, kwenye familia ya wakulima wa kahawa na mahindi. Alipohamia mjini alijitafutia riziki kwa kuchora mabango ya maduka. Meneja wa wakati ule alipita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akaona bango lenye msumari uliochorwa vizuri kiasi kwamba mteja mmoja alijaribu kuutundikia kofia. Akauliza nani kachora. Muda si mrefu Beata akawa na meza yake kwetu, karibu na dirisha.

Miaka ya mwanzo alisanifu matangazo ya sabuni, mbegu na mabati, pamoja na kadi za harusi zisizo na idadi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliifunika kitenge kuikinga na vumbi, na kila asubuhi aliisalimia kabla ya kuiwasha. Wenzake walipomcheka alijibu, "Bado hatujazoeana." Ikapita miezi michache, na wao wakawa ndio wanaomwita aje kuzungumza na kompyuta zao.

Lakini wasomaji wengi wanamfahamu kwa magari, na hadithi hiyo ilianza vibaya.

Mwaka 2016 tulipata mteja wa aina ambayo hatukuwahi kuwa nayo: Wapenda Magari Ruvuma, kundi la mtandaoni lililoanzishwa na watu wa Songea, Mbinga na Mbamba Bay, likavuta na ndugu zao walioko Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo. Kutwa hutumiana picha za injini kama wengine wanavyotumiana picha za watoto. Walitaka tangazo katika Mwendo ili wapate wanachama wapya, wakaleta picha ya pikapu nyeupe, safi kabisa.

Mama Beata aliona gari linayapa maandishi kisogo. Akaigeuza picha, kushoto ikawa kulia, na mambo yakakaa sawa. Namba za gari alizikumbuka, akazirekebisha. Usukani hakuukumbuka. Jarida likatoka na pikapu ya Mbinga yenye usukani upande wa kushoto.

Msomaji wa kawaida asingeona. Wapenda magari waliona kabla chai haijapoa. Mmoja aliuliza kundini kama nchi imehamia upande wa pili wa barabara bila yeye kuambiwa. Mwingine alimwonea huruma dereva, kwamba sasa atalipia maegesho kwa kupitia dirisha la abiria. Utani ukaendelea wiki nzima.

Mama Beata aliomba ruhusa, akaenda kwa miguu hadi gereji ya Nazari Komba, aliyekuwa admini wa kundi. Nazari alitoka chini ya lori, akajifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyehamisha usukani. Nimekuja unionyeshe na vitu vingine ambavyo naweza kuvihamisha bila kujua."

Nazari anasema alikuwa amejiandaa kulalamika, akajikuta anafungua boneti. Mama Beata alirudi ofisini jioni na grisi kwenye mikono ya blauzi, akiwa ameunganishwa kundini. Kuanzia hapo hakusanifu tena tangazo la gari ambalo hakuwahi kuliona kwa macho. Alipiga magoti kwenye tope la Kigonsera ili apate picha ya tairi kama anavyoitaka. Alimsimamisha mwanachama mmoja nje ya kanisa baada ya misa na kumwomba arudishe gari nyuma, tena, tena kidogo, huku maharusi wakisubiri kupita. Kundi likakua. Matangazo yao yakawa ndiyo kurasa ambazo wasomaji hufungua kwanza, na jarida, ambalo miaka ile halikuwa na hali nzuri, likawa linazitegemea kurasa hizo.

Mwaka 2022 kundi liliamua kukutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza, Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa. Walitaka tangazo la kurasa mbili za katikati. Kamati ikaleta picha kutoka mtandaoni: gari la kifahari likipasua jangwa, vumbi la dhahabu nyuma yake.

Mama Beata aliitazama kutoka mlangoni, jicho moja limefumbwa. "Zuri," alisema. "Lakini hili halijawahi kufika kwetu, na wala halina mpango."

Siku chache kabla alikuwa amekwenda msibani Kingerikiti. Nyuma ya nyumba jirani na msiba aliiona Landrova ya zamani, rangi imekwisha, kuku wamelala kwenye viti. Ilikuwa ya Mzee Urbani Ndimbo, na kwa miaka mingi ndilo lilikuwa gari pekee la kutegemewa kwenye milima ile. Ilibeba kahawa kwenda mnadani, saruji ya shule, wagonjwa, maharusi na majeneza. Mzee alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa anangoja tu aje kuikata.

Mama Beata alimwomba aipige picha kabla haijaondoka. Mzee akasimama kando ya gari, mkono juu ya mlango, hakutabasamu. Picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye kurasa mbili, bila kuwafukuza kuku. Chini yake aliandika mstari mmoja tu: Uliwahi kupanda gari hili? Kisha mahali na tarehe ya mkutano.

Nazari alipooneshwa alishika kiuno. "Mama, hilo si gari. Hilo ni banda."

"Banda lenye magurudumu manne."

"Watu watatucheka. Wanachama wakisusa, kamati itapeleka matangazo kwingine, na mimi sitaweza kuwazuia."

Halikuwa tishio. Alisema kwa masikitiko, na sote tuliomsikia tulijua jarida lisingehimili pigo hilo. Meneja wetu, Pankras Mapunda, aliwaita wote wawili ofisini. Mama Beata hakubishana sana. Alisema wanachama wa kundi hilo karibu wote waliyapenda magari wakiwa watoto, na hakuna hata mmoja aliyelipenda gari la jangwani akiwa mtoto. Pankras akamgeukia Nazari, naye akasema, "Haya." Usiku ule Mama Beata hakulala. Alituambia mwenyewe baadaye, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Jarida lilitoka, tangazo likawekwa na kundini. Mwanzoni kimya. Kisha vichekesho vya kuku. Mama Beata akaweka simu kwenye droo, akaendelea na tangazo la mbolea.

Aliyebadili mambo alikuwa muuguzi aishiye Dodoma, Bonifasia. Aliandika: "Mimi nilizaliwa ndani ya gari hili. Mama alikuwa anapelekwa hospitali, nikawahi kufika kabla yao." Baada yake ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Mwalimu wa Songea alikumbuka alivyopelekwa sekondari amekalia gunia la kahawa, godoro kichwani. Baharia wa meli ziwani alisema ndimo alimosindikizwa marehemu baba yake. Mwingine alituma sauti tu, akiiga mlio wa Landrova ikipanda mlima kwa gia ya kwanza, na watu wakaitambua. Wengi wao hawakuwa hata wanachama. Walijiunga ili waseme.

Nazari hakusubiri kamati. Alipanda pikipiki hadi Kingerikiti, akamkuta mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika na mitungi ya gesi ya kukatia. Mzee Urbani alikuwa amekaa kwenye kiti, simu ya mjukuu sikioni, anasikiliza ule mlio wa mlima.

"Baba, shikamoo. Gari bado unauza?"

"Marahaba. Nilikuwa nauza chuma," Mzee alisema. "Kumbe ni gari."

Mnunuzi aliondoka na mabati mawili mabovu na jogoo, na hakununa. Wanachama wakaanza kutuma vipuri kila mmoja kutoka alipo: huyu breki, yule redieta, mwingine taa ya kushoto tu, akiomba radhi kwamba ya kulia hajaipata. Gereji ya Nazari ilifanya kazi kiangazi kizima.

Siku ya mkutano, Landrova iliteremka kwenda Mbamba Bay ikiwa ya kwanza kwenye msafara, Mzee Urbani amekaa mbele, Mama Beata kati yake na Nazari aliyeshika usukani. Ziwa lilipoonekana kwenye mteremko mkali, Mzee alisema polepole, "Zamani hapa nilikuwa naomba Mungu. Leo naangalia maji."

Ufukweni Bonifasia alikuwa amekuja na mama yake, Mama Theresia, mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge kipya. Alimwendea Mzee Urbani moja kwa moja, akampa mikono yote miwili.

"Siku ile sikupata nafasi ya kukushukuru."

"Ulikuwa na kazi nyingine," Mzee alijibu.

Wakacheka wote wawili, kisha wakalia kidogo, kisha usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa lile, ukaletwa na kila mtu akala. Mama Beata hakupiga picha ya tukio lile. Alipoulizwa sababu, alisema haikuwa ya tangazo.

Mzee Urbani alitutoka mwaka juzi kwa uzee wake mwenyewe, na Landrova ndiyo iliyompeleka makaburini. Mkutano wa Mbamba Bay sasa ni wa kila mwaka, kundi limeongezeka mara nyingi, na Mwendo bado lipo mikononi mwenu. Tunaamini mengi ya hayo yalianzia kwenye mstari ule mmoja.

Tusije tukamfanya malaika. Mama Beata ni mkali kuhusu nafasi kati ya herufi kuliko paroko kuhusu kuchelewa misa. Hakubali maneno "bora" na "ya kisasa" kwenye tangazo lolote, na Pankras mwenyewe amefutiwa yote mawili katika kadi ya mwaliko wa sherehe ya kumuaga. Kila arudipo kutoka ziwani hutuletea usipa, kisha hutufokea kwamba ofisi inanuka.

Sasa anarudi Ukata, kwa mumewe Protasi na shamba lao la mibuni. Ametuambia kwamba hatachukua kazi yoyote ya kompyuta, na kwamba kazi ya kwanza ni kulala hadi jua lipande.

Mama Beata, asante kwa macho yako, kwa ukali wako, na kwa kutuzuia tusijisifu hovyo. Mibuni yako izae, magoti yako yaelewane na vilima vya Ukata, na nyumba yako isikose wageni wala kicheko. Tukikupigia simu kuuliza rangi, usipokee. Tukikupigia kukujulia hali, tafadhali pokea, tutakuwa tumekukumbuka.